Tulipouza Kilo Moja kwa Watu Wawili

Siku niliyostaafu mlinipa saa ya ukutani, keki, na hotuba ndefu iliyotaja vyeo vyangu vyote kwa mpangilio. Nashukuru. Keki iliisha siku hiyo hiyo, na vyeo sitavirudia hapa, maana hakuna cheo kilichowahi kunisaidia kupima katoni iliyolowa. Sasa niko nyumbani Gesima. Asubuhi nachuma chai kidogo kidogo, na ikifika saa nne mgongo unaniambia basi. Ndipo naketi kuwaandikia nyinyi mliobaki pale uwanjani na mizani, yale ambayo hayamo kwenye kitabu cha mafunzo.

Niliingia kazini na cheti cha ukarani na viatu vya kisigino. Uwanja wetu mdogo nje ya mji wa Kisii mnaujua: njia moja ya ndege, chumba kimoja cha abiria, na kondoo wa majirani ambao hawajawahi kukubali kwamba ile nyasi si yao. Kampuni ilikuwa na ndege moja ya viti kumi na viwili iliyopeleka watu Nairobi na kuwarudisha. Aliyenipokea alikuwa Mzee Makori, mkuu wa wapakiaji, mtu mfupi mwenye sauti ya mhubiri wa mkutano wa nje.

Aliangalia miguu yangu. "Hivyo viatu ni kilo ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Kisia."

Nikakisia kilo moja na nusu. Akavipima, havikufika hata kilo moja. Siku nzima nilifanya kazi hiyo, nikiwa peku: kukisia kwanza, kisha kupima. Kiti, chupa ya chai, gunia la mahindi, mbwa wa mlinzi. Mbwa ndiye aliyeniaibisha zaidi, maana alikuwa na manyoya mengi na mwili haba. Jioni Makori akanirudishia viatu vyangu. "Sasa umeona vile macho inadanganya. Hapa kwetu milimani hewa ni nyepesi, ndege haibebi vile inabeba kule Mombasa. Ukiandika kilo ya uongo, rubani ndiye ataenda kulipia huko mbele ya miti." Kesho yake nilikuja na raba.

Kila asubuhi kabla ya abiria kufika, Makori aliweka juu ya mizani jiwe la chuma la kilo ishirini. Mizani ikisema ishirini, tunaanza kazi. Ikisema ishirini na nusu, tunairekebisha na kurudia. Vijana, najua sasa mizani yenu ina kioo na tarakimu zinazowaka. Hata hivyo liwekeni lile jiwe. Umeme nao hujisahau.

Abiria tuliwapima pia, na hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Kumpima mtu ni kumwambia jambo ambalo hakukuuliza. Wanaume walivuta tumbo ndani, kana kwamba tumbo likivutwa linabaki nyumbani. Mama mmoja wa kanisa alikataa kabisa kupanda mizani mbele ya mchungaji wake, ikabidi tumgeuze mchungaji atazame ukuta. Nilijifunza kusoma namba kimya, kuiandika kimya, na kusema "Karibu, mama" kwa sauti ile ile, iwe hamsini au mia na kumi.

Mizigo ya watu wasiosafiri ilikuwa ikipanda kwa huruma tu. Wakishapanda abiria na mabegi yao, nafasi ikibaki, tunaongeza: kinyago cha jiwe la Tabaka, mfuko wa majani ya chai, mkungu wa ndizi wa shangazi ya mtu. Nafasi isipobaki, mzigo unangoja kesho. Hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyeahidiwa. Mambo yakaenda hivyo miaka mingi, na mimi nikazeeka nayo vizuri.

Kisha Bwana Twahir akapata wazo. Bwana Twahir ndiye mwenye kampuni. Babu yake alifungua duka la vitambaa mjini Kisii, na yeye mwenyewe anaongea Ekegusii hata kuwashinda wajukuu zangu. Alituita mimi na Makori ofisini akatumiminia chai.

"Wallahi, abiria wanatuchosha," akasema. "Jumatatu ndege inajaa, Ijumaa inajaa, katikati ya wiki tunabeba viti. Mzigo wa mkataba je? Mtu anatupa siku, anatupa kiasi, tunabeba kila wiki, basi. Mzigo haumwulizi rubani kwa nini tumechelewa."

Makori alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Bwana Twahir, ng'ombe wa maziwa hafungwi jembe. Utakosa maziwa na shamba isilimike. Sisi ni watu wa abiria."

"Na wewe, Mama Moraa?" Bwana Twahir akaniuliza, maana Moraa ndiye kifungua mimba wangu na pale kazini niliitwa kwa jina lake.

Nikasema tujaribu. Nilisema hivyo kwa sababu nilimjua aliyekuwa anautaka huo mkataba.

Alikuwa Bosibori wa Birongo. Mama huyo alianza kwa kuuza matunda ya pasheni kwenye beseni sokoni, akaishia kukusanya ya wanawake wenzake ishirini na wanne, wengine kutoka hata upande wa Nyamarambe. Alikuwa amepata mnunuzi wa ng'ambo. Sharti lilikuwa gumu: katoni arobaini kila Jumatatu na kila Alhamisi, zifike Nairobi kabla ya saa tano asubuhi kupanda ndege kubwa. Katoni thelathini na tisa zilihesabiwa kuwa hazikufika. Akikosa mara tatu, mkataba umekwisha, na wale wanawake warudi kuuza kando ya barabara kwa bei ya mpita njia. Barabara hakuiamini, pasheni ikitikiswa usiku kucha inafika imekunjamana kama uso wangu wa sasa.

Alipoleta katoni za kwanza alizipanga mwenyewe, akizifunika kwa kanga dhidi ya umande. "Hii mzigo ni watoto wangu," akaniambia. "Ukiniangushia, Mama Moraa, umeangusha nyumba ishirini na tano."

Majuma ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kosa letu lilikuwa pale pale lakini hatukuliona, kwa kuwa abiria walikuwa wachache. Tuliendelea kukata tiketi zote kumi na mbili kama zamani, na juu yake tukaahidi katoni arobaini. Shule zilipofungwa, ndege ikajaa. Jumatatu moja tulimwachia Bosibori katoni sita chini. Alhamisi iliyofuata umande ulikuwa mwingi, katoni zikanywa maji zikawa nzito, na wanakwaya wawili wenye afya njema wakapanda. Tukaacha tena katoni nne. Mara ya kwanza Bosibori alinung'unika. Mara ya pili alizibeba katoni zake akazirudisha kwenye gari, nami sikulala vizuri. Kosa moja tena, na mkataba ungekwisha.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Jumatatu iliyofuata, katika orodha ya abiria kulikuwa na jina la Mzee Nyakundi. Mzee Nyakundi ni baba yake mume wangu. Binti yake wa Nairobi alikuwa amejifungua, akamkatia baba tiketi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Jumapili kanisa zima la Gesima lilikuwa limesimama kumwombea, na wazee wawili walimsindikiza mpaka getini, wamevaa suti.

Wasomaji wa kwetu wameshaelewa taabu yangu. Kwa wale mliotoka mbali, niseme hivi: kati ya mwanamke wa Kikisii na baba mkwe wake kuna ensoni, ile haya ya heshima. Simpi mkono. Siketi karibu naye. Habari za mwili wake hazinihusu, na za wangu hazimhusu. Kumwambia mzee kama huyo, "Baba, vua koti upande hapa nione uzito wako," ni neno ambalo kinywa changu hakikuwahi kufundishwa.

Siku nyingine Makori angemshughulikia. Lakini Makori alikuwa mkiani mwa ndege akifunga wavu juu ya katoni, na mawingu yalikuwa yameanza kushuka upande wa Nyamira. Mzee alisimama mbele yangu na koti lake zito la harusi, mfuko wa turubai mkononi. Aliitazama mizani. Mimi niliutazama ukuta.

"Habari ya asubuhi, Baba," nikasema.

"Nzuri, mama. Huu mfuko ni wa mkononi."

"Sawa, Baba. Pitia hapa."

Naye akapita kando ya mizani. Nikaandika kilo sabini. Namba hiyo niliitoa wapi? Niliitoa kwenye heshima. Mwanamke aliyefundishwa siku nzima kwa mbwa na chupa ya chai kwamba macho hudanganya, akakisia baba mkwe. Mfuko sikuuandika kabisa.

Kwa karatasi yangu, kila kitu kilitosha: abiria kumi na wawili, mabegi, katoni arobaini kamili. Bosibori alikuwa amesimama kwenye uzio, mikono kifuani, akizihesabu kwa midomo. Nikampungia. Nilifurahi sana dakika hiyo, na nalisema hilo kwa sababu ilikuwa dakika moja tu.

Rubani, kijana makini, aliizunguka ndege kama kawaida. Akasimama kwenye gurudumu la mbele. Akainama. Akaenda mkiani, akarudi. Kisha akanijia na karatasi yangu.

"Mama, hii ndege imekalia mkia. Hesabu yako na macho yangu havipatani. Pima tena wote."

"Wote?"

"Wote. Na mifuko ya mkononi."

Abiria wakashuka wakilalamika. Mmoja mmoja wakapanda mizani, namba zikawa zile zile nilizoziandika. Mwisho akabaki mmoja, amesimama kando na mfuko wake wa turubai, akijifanya anasoma tangazo la kuzuia sigara. Makori akaja mbio, akaelewa kwa kunitazama usoni tu. Lakini hata yeye alisita. Mzee Nyakundi alikuwa rika la baba yake mzazi, na kwetu mtoto hamwamrishi baba habari za mwili.

Aliyetuokoa ni Bosibori. Kumbe kwa ukoo wa mama yake, Mzee Nyakundi alikuwa babu yake, na kwetu mjukuu na babu hawana haya, wanataniana watakavyo. Alipita kwenye uzio bila ruhusa ya mtu.

"Sokoro!" akamwita, yaani babu. "Wewe mzee wangu, wanasema unaficha kilo. Panda hapo nione kama bado unaweza kunioa."

Abiria wakacheka. Mzee naye akacheka, nadhani kwa kupata pumzi. "Nikulipie mahari au nipande mizani?"

"Fanya yote mawili, lakini anza na mizani, ndege iende."

Akapanda na koti lake. Nilikuwa nimegeuka. Makori akasoma kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza maishani mwake: tisini na nane. Kisha mfuko. Ndani mlikuwa na viboko watatu na tembo mmoja wa jiwe la Tabaka, zawadi za mjukuu wake na wakwe wa Nairobi, wamefungwa kwa magome ya migomba. Kilo kumi na saba.

Nilifanya hesabu ingawa kila mtu alikuwa ameshaifanya kichwani. Kilo arobaini na tano juu ya kipimo. Katoni tisa za Bosibori.

Nikampigia simu Bwana Twahir. Alisema kile ambacho kila kampuni ya abiria duniani ingesema: "Abiria ana tiketi, hashushwi. Shusheni katoni." Sikumlaumu. Nikamwambia Makori. Makori akaufungua wavu, akaanza kuteremsha katoni, moja, ya pili, ya tatu, akizipanga chini polepole sana. Bosibori alizitazama. Alikaa chini kando ya ile ya kwanza na kujifunika uso kwa kanga, na mimi niliyeandika sabini nikasimama pale na kalamu yangu. Nimefiwa maishani, lakini aibu ya asubuhi ile ilikuwa na uchungu wake wa peke yake.

Mzee Nyakundi alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya ndege. Akageuka. "Bosibori, mbona unalia?"

"Sokoro, panda tu uende. Umekalia mkataba yangu, lakini wewe hukujua."

Akamweleza. Maneno machache: katoni tisa, mara ya tatu, wanawake ishirini na wanne wa kule. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ndege, kisha akatazama getini ambako wale wazee wenzake wawili walikuwa bado wamesimama na suti zao wakingoja kumwona akiruka.

Akashuka. Akaja mpaka hatua tatu kutoka niliposimama, akamgeukia Makori, akasema naye kana kwamba mimi niko Gesima.

"Makori, mwambie mke wa mwanangu sijakasirika. Mwambie ile heshima aniwekee nyumbani. Hapa kazini aniandike vile niko."

"Amesikia, Mzee," Makori akajibu.

"Na mwambie mimi nitaenda kesho. Mtoto ameshazaliwa, hatarudi ndani."

Akachukua mfuko wake wa mawe, akaenda zake getini kuwaeleza wenzake kwa nini maombi ya Jumapili yamecheleweshwa siku moja. Nililia, vijana wangu, mbele ya abiria na rubani, na sikujali. Makori alizirudisha katoni mbio kuliko nilivyowahi kumwona akikimbia. Ndege iliondoka chini ya mawingu, ikafika Nairobi robo saa kabla ya saa tano, katoni arobaini.

Mchana huo nilikwenda mjini kwa Bwana Twahir bila kuitwa. Nilimwambia namba ya sabini niliitoa wapi. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa nimeshampigia mume wangu kumwandaa. Bwana Twahir alishika kichwa.

"Bibie, ungetuulia watu."

"Najua. Kosa hilo ni langu, na adhabu ni yangu. Lakini kuna lingine ambalo ni letu sote. Tumeuza kilo moja kwa watu wawili. Tumempa abiria tiketi na Bosibori mkataba, na kilo ni ile ile. Leo baba mkwe wangu ametulipia. Kesho atatulipia nani?"

"Kwa hivyo Makori alisema kweli. Mshika mbili moja humponyoka. Tuachane na mzigo."

"Tusiache. Toa viti."

Akanitazama kama niliyesema atoe paa. Nikamweleza. Rubani tunaye. Ndege tunayo, mara nyingi inabeba viti vitupu Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kufika kwa wakati tunakujua, maana abiria wametufundisha kwa matusi. Kampuni ya abiria ina kila kitu cha kubeba mzigo wa mkataba ila kitu kimoja: haijui kusema la kwa mtu aliyekwisha kuketi. Basi siku ya mzigo asiwepo wa kuketi. Bosibori azungumze na mnunuzi wake ahamishe Jumatatu iwe Jumanne. Viti vinafunguliwa kwa nusu saa.

Alinipa barua ya onyo, ambayo nilistahili na ninayo mpaka leo. Wiki mbili baadaye akanipa pia spana.

Mzee Nyakundi aliruka Jumanne yake, akiwa miongoni mwa abiria wa mwisho wa Jumanne kabla hatujaigeuza kuwa siku ya mzigo. Alipanda mizani bila kuombwa, akavua na koti. Makori akasoma, mimi nikaandika, wala hatukutazamana. Kanisani baadaye alitoa ushuhuda kwamba aliiachia pasheni kiti, na watu wakasema amina bila kuelewa.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na siwezi kuipamba zaidi ya hapo. Katoni arobaini zikawa tisini, ikaongezeka chai ya zambarau ya huku kwetu, na kikundi cha Nyamarambe kikajitegemea. Makori alistaafu akisema bado haamini ng'ombe wa jembe, ila huyu wetu amejifunza kulima kwa zamu. Wiki moja mvua ilifunga uwanja siku zote mbili za mzigo, matunda yakaoza, na Bosibori akatukana mawingu badala ya kutukana sisi. Hilo niliona ni maendeleo.

Ninayaandika haya leo kwa sababu jana mmoja wenu alinipigia. Amesema meneja mpya ameona siku za Alhamisi abiria wanauliza tiketi, na anafikiri kurudisha viti vinne tu mbele, nyuma mkabaki na mzigo. Hesabu inakubali, akaniambia. Kwenye karatasi kilo zinatosha kabisa. Naamini zinatosha. Mwambieni meneja kwamba sina ubishi na karatasi yake. Lakini mwambieni pia kwamba siku ile nilishindwa na mtu mmoja, na yeye anataka kuwaletea wanne. Atakayeketi kwenye kiti hicho mtamjua nyinyi au hamtamjua. Kila abiria ni baba mkwe wa mtu.